Mabano

Kazi yangu ilikuwa kuandika kila neno lililotamkwa
katika ukumbi ule wa Lisbon.
Yasiyo maneno tuliyatia ndani ya mabano:
(makofi), (kicheko), (kelele kutoka viti vya nyuma).
Kanuni haikuruhusu kuandika nani alicheka.

Idalina Quaresma aliingia mwezi wa Juni,
miaka miwili tangu bunduki zivikwe maua.
Alivaa sketi ya sufu katikati ya joto
kwa kuwa ndiyo aliyokuwa nayo
na kitambaa chake alikifuma mwenyewe.
Alitoka Covilhã, kwenye viwanda vya mlimani.
Akiwa na miaka kumi na mmoja walimsimamisha mbele ya mtambo,
na mtambo, taratibu, ukamla sikio la kushoto.
Basi alipopewa nafasi akasema kama walivyosema kule,
juu ya ngurumo ya mashine mia mbili
ambazo humu ndani hazikuwemo.
(Kicheko.)

Mwanasheria mmoja mwenye tai ya hariri
alimnong'oneza jirani yake:
mwambieni mama, simu zimeshavumbuliwa.
Hilo sikuliandika. Halikufika kwenye kipaza sauti.
Idalina aliketi, akaikunja hotuba yake mara nne,
akaitia ndani ya kiatu.

Kesho yake aliomba abadilishiwe kiti.
Alitaka sikio zima liwaelekee wasiompenda.
Hawa wa kwangu, alisema, nayajua watakayosema.

Mswada wake ulikuwa wa kurasa tatu:
fidia kwa kila aliyezibwa masikio na kazi.
Mara ya kwanza akidi haikutimia.
Mara ya pili serikali ilianguka Jumanne,
nasi tulikuwa tumepangiwa Jumatano.
Mara ya tatu mtu aliuliza watapimaje,
na kupima kukaundiwa kamati,
na kamati ikaenda likizo.

Wakampa unaibu waziri, miezi kumi na mmoja,
na gari jeusi, na dereva aitwaye Hermínio
aliyelalamika jikoni kwetu kwamba bibi hukaa mbele,
ubavuni pake, na bado hasikii hata umbea mmoja.

Kisha chama kikapanga orodha.
Mkoa wake ulipeleka watu sita, wakamweka wa saba.
Hawakumfukuza, hapana. Walimhesabu tu.

Miaka mitatu sikumwona. Nilisikia anauza uzi sokoni,
anabishana na wateja kuhusu bei ya mafuta ya taa
na vifungu vya bajeti, vyote kwa pumzi moja.
Akafa mmoja wa wale sita.
Akarudi na nguo ya msiba, na mswada uleule,
karatasi ileile, mikunjo minne imeshaanza kukatika.

Ulipita saa saba za usiku.
Nusu ya ukumbi walisinzia, mikono ikainuka na miayo.
Wa upande wake wakasimama kumpigia makofi,
nikaandika (makofi), nikainua macho:
alikuwa bado ameinama, anasubiri matokeo.
Walikuwa kushoto kwake.
Tarishi ndiye aliyemgusa bega.

Sitasema sheria ile ilimrudishia mtu sikio.
Dadake, Lucília, alipata hundi ya kwanza
akanunua friji, akalalamika kwamba inanguruma.
Kama kweli, sijui. Idalina alipenda kuisimulia.

Siku yake ya mwisho alisimama kuaga
na kwa muda wa pumzi kumi na mbili hakusema neno.
Nilizihesabu. Kwa kitu kama hicho hatukuwa na alama,
nikaruka mstari. Mhariri akaufuta: karatasi, alisema, ni ghali.
Sasa nimestaafu, karatasi nanunua mwenyewe. Naurudisha:



Kisha akauliza kama kuna aliyeuona mwavuli wake.
(Kicheko.)
Na safari hii naandika nani alianza.
Ni yeye.